Mguu Usiochoka

Kule kiwandani walimwita Injini, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Kiwanda chenyewe kilikuwa cha kufua: shuka za hospitali, taulo za hoteli, makoti meupe ya wapishi. Vitu viliingia kwa mlango wa nyuma vimefungwa mafurushi, vikatoka kwa mlango wa mbele vimekunjwa na kunukia sabuni. Injini alikuwa upande wa kunyoosha. Pasi yake haikuwa ya kushika mkononi. Ilikuwa mashine ndefu kama mlango uliolazwa, ina taya la chini na taya la juu. Unatandaza shuka, unakanyaga pedali, taya la juu linashuka, mvuke unatoka pembeni kama mtu anayeguna. Unakanyaga tena, linapanda. Unasogeza shuka, unakanyaga.

Wenzake walikanyaga kwa mguu wa kulia, ukichoka wakahamia wa kushoto, na ikifika saa nane mchana mstari mzima ulikuwa unachechemea. Injini hakuchechemea. Mguu wake wa kushoto, kuanzia chini ya goti, ulikuwa wa bandia, na ndio aliokanyagia.

"Mwenzetu kajaliwa," alisema jirani yake wa mashine, mwanamke mnene mwenye maneno kuliko redio. "Sisi tunakanyaga kwa nyama, yeye anakanyaga kwa spea."

"Na wewe nenda kakatwe," alimjibu Injini bila kuinua macho, na mstari ukavunjika mbavu.

Yeye hakucheka. Si kwamba alikuwa amekasirika. Alikuwa amezoea kusema jambo la kuchekesha na kubaki vilevile, kama mtu anayepita na sinia la chai na mwenyewe hanywi.

Mguu aliukosa kwa sababu ya kiatu. Kisukari kilikuwa kimeshamla hisia za nyayo, na kiatu kipya kilipomchubua hakusikia. Aliendelea kukivaa siku tisa. Aliyegundua alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, na aligundua kwa pua. Hospitali daktari alimchoma na sindano kuanzia kidoleni kupanda juu, akimuuliza kila mara, "Unasikia?" Alijibu "Sisikii" mpaka karibu na goti. Wakakata, wakamwachia goti na kipande cha chini yake chenye urefu wa shubiri moja. Kigutu.

Wifi alikuja kumuuguza kwa wiki mbili. Huo sasa ulikuwa mwaka wa tano na masanduku yake yalikuwa bado chumbani kwa watoto. Watoto wenyewe walikuwa wakubwa, wako kwao. Mume alikuwa dereva wa malori ya masafa, mtu wa kurudi nyumbani siku tatu kwa mwezi na kulala mbili kati ya hizo. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya mawifi wawili, mmoja anaongea na mwingine anasikiliza.

Watu wa karibu walisema ganzi ile haikuishia mguuni. Siku ya kukatwa hakulia. Mama yake alipofariki alizunguka na birika siku nzima akihudumia wageni, na shangazi mmoja akasema huyu ana moyo wa jiwe. Injini alimsikia. Alimwongezea chai.

*

Kidonda kilianza kidogo, kama kifungo cha shati. Kilikuwa kwenye ncha ya kigutu, upande wa mbele, pale mfupa unapoishia. Kila jioni wifi alipiga magoti na kioo cha mkononi kukikagua, maana mtu hawezi kuona ncha ya kigutu chake vizuri, na huyu hata kama angeungua asingejua.

"Kimefunguka tena, wifi."

"Funika."

"Nifunike nini? Hiki si chungu! Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Nani kaficha? Si ndio unakiangalia hapo."

Kilifunguka, kikafungwa, kikafunguka. Kliniki walimwambia apunguze kutembea. Akapunguza. Sokoni akawa anakwenda wifi. Kazini akawa anashushwa na pikipiki mpaka getini. Bafuni aliwekewa kigoda. Alifuata maelekezo kama mtoto anayefuata mstari wa daftari, na kidonda kikafunguka mara ya tatu.

Ndipo daktari wa upasuaji, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, akamweleza akiwa ameshika kalamu kwa mikono miwili. Kidonda kinachorudi namna hii kinaweza kuwa kimeshafika kwenye mfupa. Kwa mtu wa kisukari hilo si jambo la kusubiri. Atapigwa picha. Picha ikiwa mbaya, au kidonda kikikataa, watapandisha juu. Watakata juu ya goti.

"Umenielewa, mama?"

"Nimeelewa. Goti linakwenda."

"Linaweza kwenda."

Wifi alishika ukuta. Injini aliuliza kama fomu anajaza leo au atajaza siku hiyo hiyo ya kukatwa.

Picha ya kwanza ilipigwa Jumatano. Chumba cha picha kilikuwa na giza kidogo na feni inayolalamika. Mama wa picha, mwenye miwani iliyofungwa mnyororo shingoni, alimlaza kitandani, akamvua mguu wa bandia, akausimamisha kwenye kona na kiatu chake, ukawa kama mgeni anayesubiri zamu. Akapaka jeli.

"Ni ya baridi kidogo."

"Sisikii."

Akapitisha kichwa cha mashine juu ya kigutu polepole. Kwenye skrini kukatokea kitu cha kijivu, kama maji ya kufulia baada ya mzigo wa tatu. Katikati yake ulipita mstari mweupe.

"Huo mfupa wako," alisema mama wa picha. "Hii iliyo chini yake ni nyama. Milimita kumi na moja. Si haba. Na damu inapita, unaona hizi rangi?"

Injini aliangalia. Alijua anaangalia mwili wake, lakini alikuwa kama anaonyeshwa nyumba ya mtu mwingine kwa dirishani: hiki chumba cha kulala, hili jiko.

Majibu yalikuwa mazuri, na ubaya ulianzia hapo. Eksirei nayo haikuonyesha kitu. Daktari alizigeuza karatasi mbili zile kama anatafuta ya tatu.

"Nyama ipo, damu ipo, mfupa sioni kosa. Lakini kidonda kipo. Siwezi kuamini karatasi nikaacha kuamini kidonda." Akaandika. "Jumanne ijayo. Juu ya goti. Pitia kwa fundi wa miguu akakueleze mguu mpya utakavyokuwa."

*

Karakana ya fundi wa miguu ilikuwa nyuma ya hospitali, kando ya stoo ya mitungi ya gesi. Ndani kulining'inia miguu ya kila kimo, mingine haijapakwa rangi. Fundi mwenyewe alikuwa mfupi, vumbi la plasta limemjaa hadi kwenye nyusi. Ndiye aliyemtengenezea Injini mguu wa kwanza na wa pili, na alimwita "mteja wangu mkimya".

Alisoma karatasi ya picha mara mbili.

"Walikupiga ukiwa umelala?"

"Ndiyo."

"Mguu umeuvua?"

"Walinivua."

"Dada yangu, kiatu kikikubana, unakwenda kwa fundi viatu ukiwa peku?"

Wifi alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo, kicheko kikamtoka na chozi. Fundi hakucheka. Alifungua kabati na kutoa kikombe cha plastiki angavu, ile sehemu ya juu ya mguu wa bandia inayokipokea kigutu. Kilikuwa cha Injini mwenyewe, cha majaribio, alichopimiwa mwaka juzi kabla ya kutengenezewa cha kudumu. Akachora mduara kwenye ncha yake upande wa mbele, mwingine upande wa nyuma, akawasha keekee na kutoboa. Vumbi la plastiki likaruka. Alipomaliza, kikombe kilikuwa na madirisha mawili, kila moja la kutosha kupitisha kichwa cha mashine ya picha.

"Picha ya mguu uliolala inakuambia mguu unavyolala," alisema akipuliza vumbi. "Mimi nataka kuuona ukiwa kazini. Nipe mpaka Jumatatu, nimbembeleze mama wa picha."

"Kuna maana gani?" aliuliza Injini. "Jumanne si wanakata."

"Na goti? Unajua kupanda ngazi bila goti? Unajua kukaa chooni? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nimewatengenezea wa aina zote mbili. Wenye goti hawanikumbuki. Wasio na goti wamerudi hapa mpaka wanaijua sauti ya mlango wangu."

Injini alitikisa kichwa kuonyesha amesikia.

Usiku huo mume alipiga simu kutoka njiani, injini ya lori ikinguruma nyuma yake.

"Wamesemaje?"

"Wamesema Jumatatu wanapiga picha nyingine."

"Halafu?"

"Halafu Jumanne."

Magari yakapita.

"Na wewe unaonaje, mke wangu?"

"Sioni kitu," alisema, na ilikuwa kweli. Aliitafuta hofu kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba, akaikosa.

*

Jumatatu mashine ilisukumwa mpaka katikati ya chumba. Fundi aliweka viti viwili vizito, Injini akasimama katikati akiegemea migongo yake, kikombe chenye madirisha kimefungwa kwenye kigutu na wayo wa bandia umefungwa chini. Mama wa picha alikaa sakafuni kabisa, miwani puani, akaingiza kichwa cha mashine kwenye dirisha la mbele.

"Usiegemee mguu kwanza. Haya. Kumi na moja, kama juzi. Sasa egemea."

Injini akahamisha uzito. Kwenye skrini ile kijivu ikajikunja, mstari mweupe ukashuka.

"Saba."

"Dirisha la nyuma," alisema fundi.

"Tano. Hapa panabanwa zaidi."

"Piga hatua papo hapo. Moja, mbili. Moja, mbili."

Akapiga hatua papo hapo kama askari aliyesahauliwa gwarideni. Mama wa picha akajaribu kufuata kwa mkono, akitoa jasho. Mara akasimamisha picha na kuonyesha kidole. Mbele, karibu na kidonda, kulikuwa na doa jeusi kama kokwa la tende.

"Mfuko wa maji. Juzi sikuuona, alipolala ulikuwa umesambaa. Maji hayaji hapa bure. Panagongwa."

Fundi alikuna kichwa, plasta ikamwangukia begani.

"Hapagongwi! Akitembea anabanwa nyuma, wewe mwenyewe umesema tano. Na nyuma nilishamlainishia, niliweka sponji mara mbili. Mbele ana saba. Kwa saba mtu hapati kidonda." Akamgeukia Injini. "Dada, unatembea sana?"

"Sitembei. Mliniambia nisitembee."

"Hatembei," wifi aliingilia, "haki ya Mungu tena. Hata chumvi nanunua mimi. Kama kutembea kungeweza kutumwa mtu, ningetumwa mimi."

"Kazini je?"

"Nasimama."

"Siku nzima?"

"Nasimama tu. Sehemu moja."

Alisema kweli, na aliposema alijua kwamba ukweli huo una mlango wa nyuma. Pedali ilimjia akilini. Lakini pedali si kutembea. Hakuna aliyewahi kumuuliza habari ya pedali, na yeye hakuwa mtu wa kujibu asichoulizwa. Halafu palikuwa na hili: kiwandani walikuwa wanawake kumi na wanne wanaonyoosha, na mmoja tu kati yao ndiye aliyepewa shuka za hospitali bila kusimamiwa. Bila pedali angekuwa nani? Mama mmoja wa kisukari anayeshushwa na pikipiki.

Fundi aliangalia skrini, akaangalia kigutu. Mwishowe akaweka bisibisi mfukoni.

"Basi. Nimejaribu."

Mama wa picha akainuka kwa kujishika kiuno. Akaanza kuandika: hakuna jipya la kueleza kidonda. Mkono wake mwingine ukaenda kwenye swichi.

"Iache kwanza," alisema Injini.

Wote watatu walimwangalia, maana sauti hiyo hawakuizoea. Haikuwa ya mtu aliyeogopa. Alikuwa anaangalia skrini. Mguu wake ulikuwa pale, unaonekana, kwa mara ya kwanza unafanya jambo mbele yake, na alitaka kuona kitu kimoja tu. Alitaka kukiona, basi.

"Rudisha hicho kitu mbele. Hapo. Shikilia."

Akakunja goti, akainua wayo wa bandia kiasi cha kiganja, akaukanyaga sakafuni. Taa ya juu ya mashine ikatetemeka.

Mstari mweupe ulianguka. Nyama ikapisha kushoto na kulia kama watu wanaopisha machela, na mfupa ukafika chini kabisa ukasimama.

"Tena," alisema mama wa picha kwa sauti ndogo.

Akakanyaga tena.

"Milimita moja. Tena, mama. Moja. Ni moja tu."

Fundi alishuka sakafuni taratibu, akakaa na plasta yake yote.

"Hiyo ndiyo nini?"

"Pedali," alisema Injini. "Ya pasi."

"Unakanyagia *huu*?"

"Ndio usiochoka."

"Mara ngapi?"

Injini akahesabu. Shuka moja inasogezwa mara tatu. Kila mara unakanyaga kushusha, unakanyaga kupandisha. Sita. Kwa siku shuka mia tatu, siku ya mzigo mwepesi.

"Elfu moja na mia nane," alisema fundi. Alisema polepole, akatazama kikombe alichokitengeneza mwenyewe. "Mimi nimekutengenezea mguu wa kutembea. Nilikupitisha kwenye ule ujia wangu kwenda na kurudi, nikaona unatembea vizuri, nikafurahi. Sikukuuliza kazi yako inafanywaje. Niliandika 'dobi' nikageuza karatasi." Akapangusa uso, akajichafua zaidi. "Bandu bandu huisha gogo. Umekuwa ukijikata mwenyewe, dada yangu, na sisi tulikuwa tunanoa."

Wifi ndiye aliyelipuka.

"Miaka mitano nashika kioo! Miaka mitano napiga magoti kama nasali kwenye kigutu cha mtu! Nakuuliza, wifi, kazini vipi, unaniambia 'salama'. Salama gani hii? Elfu moja na mia nane! Kwani hukuhisi hata kidogo?"

Injini alifikiri, maana swali lilistahili jibu.

"Kwa mbali," alisema. "Kwenye goti. Kama mtu anabisha hodi nyumba ya pili." Kisha akaongeza, "Ni mahali pekee ninaposikia kitu, wifi. Nilikuwa napapenda."

Mama wa picha alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaanza kuandika upya.

*

Jumanne daktari alizitazama picha zile kwa muda mrefu. Mfupa ulikuwa safi, mstari wake hauna meno. Kilichoharibika ni nyama ya mbele, na nyama ikipewa nafasi inaweza kutulia. Alimpa miezi mitatu bila mguu wa bandia, kwa magongo, na picha kila wiki nne. Ule mfuko wa maji ukipungua, goti limebaki. Usipopungua, au kidonda kikifunguka mara ya nne, hakuna mazungumzo tena. Ile fomu ya upasuaji hakuichana. Aliikunja, akaiweka nyuma kabisa ya faili.

"Na pedali," alisema, "kwa huo mguu, hapana. Leo wala baada ya hapo."

Msimamizi wa kiwanda alikuwa mtu wa haraka, saa mkononi na kalamu sikioni. Alimsikiliza Injini aliyesimama mbele yake kwa magongo, upande mmoja wa suruali umekunjwa na kufungwa pini.

"Si ukanyagie wa kulia?"

"Nitasimamia nini?"

Akaangalia chini, akaona hakuna cha kusimamia, akaona haya. Hakumfukuza. Wenzake walidhani Injini amemwaga unga siku ile, lakini alipewa kigoda kwenye meza ya taulo. Kukunja mara moja, mara mbili, mara tatu, kupanga kumi kumi. Mashine yake alipewa mwingine, akaichachafya mpaka taya likaanza kupiga kelele. Injini alisikia kelele ile, akakunja taulo.

"Injini imeshushwa kwenye gari," alisema yule jirani mnene, si kwa ubaya.

"Iko gereji," alijibu.

Chini ya meza, mguu wake wa kulia, mzima, ulikuwa unakanyaga sakafu kwa mpigo uleule. Shusha, pandisha. Aliuona siku moja alipoinama kuokota taulo. Akauweka mkono juu ya goti lile mpaka likatulia.

Picha ya kwanza ya mwezi: doa jeusi bado kama kokwa la tende. Mama wa picha akaandika. Wifi hakula siku hiyo. Injini alikula.

Wiki ya saba, mtu wa mashine yake aliugua. Mafurushi ya chumba cha upasuaji yalikuwa yamerundikana mpaka dirishani, na hospitali ilikuwa imepiga simu mara tatu. Msimamizi alikuja kwenye meza ya taulo, akainama karibu na sikio.

"Mama, nisaidie saa mbili tu. Kidonda si kimefunga? Mguu uko wapi, nimtume mtu wa pikipiki?"

Mguu ulikuwa nyumbani nyuma ya mlango. Wifi alikuwa ameugeuza kitundikio, mtandio mmoja, mwavuli mmoja. Kidonda kilikuwa kimefunga kweli, sasa ilikuwa siku ya ishirini na mbili. Injini alizitazama shuka, akautazama ule mvuke. Saa mbili ni shuka mia hivi.

"Uko kwa fundi," alisema. "Kaufungia."

"Hata leo tu haiwezekani?"

"Ana ufunguo yeye."

Msimamizi akaondoka akikwaruza kichwa na kalamu. Injini akaendelea kukunja. Baada ya taulo kama sita aligundua kwamba amedanganya, na kwamba hakuwa amedanganya tangu utotoni, na kwamba taulo ya mwisho ameikunja mara nne. Akaikunjua. Akaikunja upya.

Mwezi wa pili, doa likawa punje ya haragwe. Mwezi wa tatu, punje ya dengu. Walimsimamisha tena kati ya viti viwili, kikombe chenye madirisha kigutuni, mama wa picha sakafuni.

"Egemea, mama. Mbele, tisa. Nyuma, nane. Ngozi nzima." Aliinua kichwa. "Nzima kabisa."

Daktari alifungua faili, akaitoa ile fomu kutoka nyuma, akapiga mstari kutoka kona hadi kona, akaandika tarehe na sahihi yake. Wifi alilia kwa sauti mpaka watu wa foleni wakachungulia mlangoni wakidhani kuna msiba.

"Hujafurahi, wifi?" aliuliza akipenga.

"Nimefurahi."

"Mbona huonekani?"

"Ndivyo ninavyofurahi."

"Jamani, huyu mtu! Kaka yangu alioa kabati."

Injini alimpigia mumewe simu palepale ujiani. "Goti limebaki," alimwambia. Upande wa pili ikasikika breki ya lori, kisha mtu akipumua. Injini hakukata simu.

Karakanani fundi alikuwa ameshaloweka bandeji za plasta kwenye beseni. Safari hii kwanza alimuuliza: asubuhi anashuka kitanda kwa upande gani, meza ya taulo ina kimo gani, anakaa muda gani kabla ya kusimama, anageukia upande upi kuweka taulo. Aliandika ukurasa mzima na nusu. Kisha akapiga magoti, akaanza kuzungusha bandeji kwenye kigutu, akilainisha kwa viganja.

"Plasta inapata moto ikianza kukauka. Ikikuunguza au kukubana, useme."

"Sisikii," alisema Injini.

"Najua. Nasema kwa mazoea." Akaendelea kulainisha. "Kwa hiyo tutakuwa tunaangalia. Kila mwezi utarudi kwa mama wa picha, kidonda kiwepo kisiwepo, mguu umeuvaa. Wengine wanakuja wakiumwa. Wewe utakuja kwa tarehe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mmoja wetu azeeke."

Wakangoja plasta ikauke. Nje mtu alikuwa anabingirisha mtungi wa gesi kwenye saruji. Fundi alijifuta mikono, akachukua kadi, akalamba ncha ya kalamu.

"Jumatano ya kwanza ya mwezi?"

Injini alifikiri kidogo.

"Jumatano mzigo wa taulo ni mkubwa," alisema. "Andika Alhamisi."